Shajara ya mradi: taka za sokoni kuwa mboji, Temeke

Shajara hii ni ya kikundi chetu cha usafi katika mtaa mmoja wa Temeke, Dar es Salaam. Tunachukua taka zinazooza za soko dogo la mtaa na kuzigeuza mboji ndani ya mtaa huohuo, zisipakiwe kwenye lori la kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi. Naandika kila hatua inapokamilika. Mambo ya kawaida nayapitia haraka. Palipokwama nakaa zaidi, kwa sababu atakayeiga mradi huu atakwama hapohapo. Bei zote ni za siku tulizolipa.

Agosti 2023: Kupekua taka kabla ya kujenga

Karibu kila tuliyemwomba ushauri alituambia tununue mashine ya kusaga. Tukaona kwanza tujue kitakachosagwa. Kwa wiki nzima tulimwaga sehemu ya taka za ghuba la soko, pale zinapokusanywa kusubiri lori, juu ya turubai, tukazichambua na kuzipima kwa mzani wa kuning'iniza.

Sehemu kubwa kabisa ilikuwa ya kuoza: majani ya kabichi, mchicha uliosinyaa, nyanya, maganda ya ndizi na viazi, machicha ya nazi ya mama lishe. Hilo tulilitegemea. Uzito wa mchanga ndio uliotushangaza. Wafagiaji huzoa mchanga pamoja na taka, na soko linalipia usafiri wa mchanga huo hadi Pugu. Maganda ya madafu nayo si mazito, ila yanakula nafasi. Lori linaonekana limejaa kumbe limebeba hewa.

Tatizo kubwa lilikuwa hali ya taka ifikapo jioni. Kufikia saa hizo taka za ghubani zimeshachanganyika na vipande vya chupa, betri za tochi, nyembe, nepi za watoto na vipande vya mifuko ya salfeti. Tulijaribu kuchambua palepale. Asubuhi nzima, watu kadhaa wameinama, tukapata toroli chache tu, na mwenzetu mmoja akakatwa na chupa iliyopenya glovu. Tukaacha.

Uamuzi uliotoka hapo ndio uliobeba mradi mzima: kazi ihame ghubani, iende kwenye meza ya muuzaji, kabla jani la kabichi halijakutana na betri. Taka ikishachanganyika hakuna mashine ya bei yetu itakayoitenganisha.

Gharama: maturubai, glovu, barakoa na buti, shilingi 190,000.

Septemba 2023: Kiwanja

Kiwanja cha kwanza tulichopewa kilikuwa bure, kina ukuta, na kiko hatua chache kutoka sokoni. Tukakaribia kukipokea. Wazee wa mtaa ndio waliotueleza kwamba kwa miaka mingi pale palikuwa panapasuliwa betri kuukuu za magari ili kutoa madini ya risasi yaliyomo. Tulikikataa, ingawa baadhi ya wenzetu walinung'unika.

Nieleze sababu, kwa kuwa viwanja vya namna hii viko vingi mjini. Takataka ya sokoni huoza ikaisha. Risasi haiozi, haipungui kwa kugeuzwa wala kwa joto. Ingeingia kwenye mboji kila tunapochota kwa chepe, kisha kwenye bustani ya mchicha, kisha kwa watoto, ambao ubongo wao ndio unaoumizwa zaidi. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi risasi kwenye damu. Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi kwenye kiwanda hicho na ambaye mtoto wake mwenyewe alipata sumu hiyo, alihangaika kwa miaka hadi mahakama ya mazingira ilipowapa wakazi haki mwaka 2020. Kwa hiyo ulizia kwanza historia ya kiwanja, kodi baadaye.

Kiwanja cha pili kiko pembeni ya uwanja wa mtaa, na pande mbili kimepakana na nyumba za watu. Majirani waliposikia neno taka waliitisha mkutano. Mzee mmoja alisimama na kusema, "Wanangu, mimi nimekaa Tabata. Moshi ule naujua." Baada ya hapo mkutano wote ulikuwa upande wake, na alikuwa na haki. Tabata ndiko lilikokuwa dampo la jiji, taka zikichomwa katikati ya makazi. Wakazi walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 1988 wakashinda dhidi ya Halmashauri ya Jiji. Taka zikapelekwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakafungua kesi, ile ya Festo Balegele na wenzake, wakashinda mwaka 1991. Zikaenda Vingunguti, baadaye Mtoni, na sasa Pugu. Kila zilipofika, zilifika zikiwa mchanganyiko uleule wa nyanya, betri na plastiki, kwa hiyo kila zilipofika zilinuka, ziliwaka na kutoa majimaji meusi.

Hatukujibu kwa kuahidi kwamba sisi ni tofauti. Tuliwauliza wanachokiogopa, tukakiandika kuwa masharti, yakasainiwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Yapo manne. Hakuna kuchoma kitu chochote. Taka ya leo hailali bila kufunikwa. Geti liko wazi kwa jirani yeyote saa za kazi. Harufu ikidumu siku tatu, tunaacha kupokea taka mpya hadi iishe. Sharti la mwisho lilituogopesha, lakini karibu kila uamuzi wa kiufundi uliofuata umetokana nalo, na nashauri mwenye kuiga asilikwepe.

Gharama: kusafisha kiwanja na uzio mwepesi, shilingi 160,000.

Oktoba 2023: Rundo la kwanza

Tulinunua machepe, reki, uma za shamba na toroli kwa shilingi 235,000. Tukajenga rundo la urefu wa kiuno kwa taka za mboga peke yake, tukalifunika kwa turubai na kusubiri lipate joto.

Halikupata. Lilishuka, likatoa maji, na kufikia siku ya nne lilikuwa linanuka kama choo. Sharti la harufu likatukamata rundo la kwanza tu.

Maelezo yake ni haya. Vijidudu vinavyoozesha taka vinataka chakula cha aina mbili: kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa kila sehemu moja ya naitrojeni. Mboga mbichi zina naitrojeni nyingi mno kulinganisha na kaboni, na zimejaa maji. Maji yakijaza matundu, hewa haipiti. Vijidudu vinavyohitaji hewa vinakufa, na vinavyoishi bila hewa vinachukua nafasi, navyo ndivyo vinavyotoa uvundo na gesi ya methani. Hicho ndicho kinachoendelea ndani ya kila dampo, kwa kipimo kikubwa kuliko rundo letu.

Dawa ni vitu vikavu. Wa kwanza tuliowakimbilia ni mafundi seremala wa Keko, ambao vumbi la mbao kwao ni kero. Hapo tukajifunza mambo mawili. Kwanza, si kila vumbi linafaa. Mbao za paa zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani kwa mbali, huwa mara nyingi zimetiwa mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki, na vumbi lake halitakiwi kugusa udongo wa mboga. Vumbi la mbao za kubandikwa kwa gundi nalo tunalikataa. Sasa tunachukua kwa mafundi wanaofanyia kazi mbao tupu za samani, na tunawaachia viroba vyetu wajaze wenyewe, ili visichanganywe na ufagio wa jioni.

Jambo la pili lilituchukua muda kulitambua. Vumbi laini peke yake halileti hewa. Rundo la pili lilikuwa na kaboni ya kutosha lakini liligandamana likawa bonge. Kulikuwa na haja ya kitu kigumu, chenye ncha na nafasi. Tulijaribu mabua ya mahindi, lakini yanatoka mbali. Jibu lilikuwa mlangoni kwetu: makapi ya miwa kutoka kwa wauza juisi. Yakianikwa siku mbili yanakauka, hayabonyei kirahisi, na wauzaji walikuwa wakilipa ili yazolewe.

Mchanganyiko tunaoutumia hadi leo ni ndoo tatu za taka mbichi, ndoo moja ya vumbi la mbao au maranda, ndoo moja iliyoshindiliwa ya makapi ya miwa, na chepe moja la mboji ya zamani juu yake. Kipimo cha maji ni mkono: kamata konzi, kamua, ikitoka tone moja au mawili inatosha, yakichuruzika ongeza vikavu, isipotoka kitu nyunyiza maji.

Kipimajoto chenye mchi mrefu tulikikosa kwa bei tuliyoiweza. Badala yake tunachomeka kipande cha nondo katikati ya rundo. Baada ya dakika kumi kinachomolewa na kushikwa. Kisiposhikika, joto lipo.

Novemba na Desemba 2023: Mvua

Vuli ya mwaka huu ilikuja na El Niño, na mvua hazikuwa za vuli tunazozijua. Maturubai yalijaa maji, yakalemea, yakachanika. Marundo yakalowa hadi chini. Kilichotuumiza zaidi kilikuwa majimaji meusi yaliyokuwa yanatoka chini ya rundo na kutoweka kwenye mchanga.

Kutoweka kule ndiko kulikotutisha. Ardhi yetu ni mchanga mtupu na maji ya chini yako karibu. Nyumba kadhaa za jirani zina visima vifupi vya kuogea na kufulia. Majimaji yale yana naitrojeni nyingi na vijidudu vya kila aina. Tulikuwa tumeanza kazi ili taka za soko zisichafue Pugu, na hapo tulikuwa karibu kuchafua kisima cha jirani aliyesaini masharti. Tulisimamisha kupokea taka kwa karibu mwezi mzima na kwenda kuwaambia wenye visima wenyewe, nyumba kwa nyumba. Mama mmoja alituuliza swali moja tu: "Mtaanza tena lini, na maji yatakwenda wapi?"

Maji yanakwenda kwenye pipa. Tulimwaga sakafu ya zege yenye mteremko mdogo kuelekea pembe moja, ikazungushiwa kingo za tofali moja ili maji ya nje yasiingie na ya ndani yasitoke. Kwenye pembe kuna mfereji mfupi unaoishia kwenye pipa la lita 200 lililozamishwa ardhini. Majimaji ya pipani tunayarudisha kwenye marundo mapya yaliyo katika siku zao za kwanza, yanapohitaji maji. Hatuyamwagii kamwe rundo lililokwisha pata joto lake, maana tungelirudishia vijidudu vilevile vilivyouawa na joto.

Fundi wa kwanza alimwaga sakafu tambarare. Tuliligundua kwa ndoo ya maji tu: maji yalisimama katikati. Ilibidi ipigwe lipu ya pili yenye mteremko. Ukijenga, mwaga ndoo ya maji kabla fundi hajalipwa fedha ya mwisho.

Juu ya sakafu tuliweka paa la mabati, pande zote wazi. Kwa muda mrefu tulidhani paa ni anasa ya miradi yenye wafadhili. Kwa mji wenye mvua kama za Dar es Salaam, sasa tunaona paa ndilo la kwanza kujengwa, hata kabla ya kununua chepe.

Gharama ya sakafu: saruji mifuko 20 kwa 16,000, jumla 320,000, kokoto na mchanga 280,000, fundi 150,000, pipa 45,000. Gharama ya paa: mabati 24 kwa 26,000, jumla 624,000, mirunda na misumari 210,000, fundi 120,000. Sakafu na paa pamoja ni shilingi 1,749,000, na fedha hizo zilitoka kwenye akiba ya kikundi na mkopo wa wanachama. Hakuna sehemu nyingine ya mradi iliyokula fedha kiasi hiki.

Januari 2024: Ndoo za wauzaji

Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, na haina uhusiano wowote na vijidudu.

Tulianza kwa semina. Tukaita wauzaji wa mboga na mama lishe, tukawaeleza umuhimu wa kutenganisha taka, tukabandika matangazo yenye picha. Walisikiliza kwa heshima na wakaendelea kama zamani. Awamu ya pili tukagawa ndoo: 60, za kijani, zilizotumika, shilingi 3,500 kila moja. Baada ya wiki mbili nyingi zilikuwa nyumbani kwa watu, zimejaa maji. Siwalaumu hata kidogo. Ndoo nzuri yenye kishikio, katika mtaa ambao maji ya bomba yanakatika, ina kazi nyingi za maana kuliko kubeba maganda.

Tukakaa na wauzaji wenyewe, safari hii bila picha. Aliyetufumbua macho ni mama muuza nyanya aliyekaa pale sokoni siku nyingi kuliko sisi sote. "Mwanangu," akasema, "mimi semina sihitaji. Niambie saa ngapi mnapita. Ndoo ikijaa saa nne na nyie mnakuja jioni, mnataka niiweke wapi, kichwani?"

Mambo matatu yalibadilika baada ya hapo. Ndoo tulizozirudisha na mpya tulizoongeza tulizitoboa matundu ubavuni, kuanzia katikati kwenda juu. Maji hayakai, lakini utomvu wa nyanya unabaki chini na hauchafui meza. Hazikuibwa tena. Pili, guta, ile baiskeli ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, linapita mara mbili kwa saa zinazojulikana, saa nne asubuhi na saa kumi jioni, mvua au jua. Guta tulilinunua kuukuu kwa shilingi 480,000, na kuanzia hapo ndipo watu walipoanza kutuamini. Siku guta lilipopata pancha na kuchelewa, ndoo zilimwagwa ghubani, na ilituchukua siku kadhaa kuwarudisha watu kwenye utaratibu.

La tatu ni ndoo iliyochanganywa tuifanyeje. Mwanzoni mwendesha guta aliagizwa kuikataa. Ikazuka mizozo, na muuzaji aliyekataliwa mbele ya wenzake hakuwa tayari kujaribu tena. Sasa anaipokea, ila anaimwaga kwenye trei mbele ya muuzaji na wanaitoa pamoja ile plastiki au ile betri, bila maneno mengi. Inachukua dakika moja. Baada ya mwezi mmoja trei ilikuwa haitumiki kwa wengi wao.

Kinachoendelea kutusumbua ni vifuko vyepesi vya plastiki. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania Bara kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na kweli ile mikubwa haionekani kama zamani. Hivi vidogo vya kufungia nyanya za mia tano au dagaa bado tunavikuta. Kisipotolewa siku ya kwanza, kikigeuzwa mara mbili tatu kinachanika vipande vidogo na hakuna tena wa kukiokota.

Februari 2024: Joto, nzi na panya

Marundo sasa yanapanda joto siku ya pili au ya tatu. Tumeazima kipimajoto chenye mchi na kulinganisha na nondo yetu: nondo isiyoshikika ilikuwa kwenye nyuzi 60 hivi. Lengo ni rundo likae juu ya nyuzi 55 kwa angalau siku 15, na ndani ya siku hizo ligeuzwe mara tano, ili kilichokuwa nje kiingie ndani na mayai ya minyoo na mbegu za magugu vife vyote. Likivuka nyuzi 70 tunaligeuza mara moja, maana joto hilo linaua hata vijidudu vinavyotufanyia kazi.

Nzi walikuwa malalamiko makubwa ya majirani. Turubai halikuwazuia. Kilichowazuia ni kufunika taka mpya kwa mboji iliyochekechwa, unene wa kiganja, siku hiyohiyo. Gharama yake ni sifuri, na inanyonya harufu pia.

Panya waliletwa na mabaki ya wali na nyama ya mama lishe. Tulijaribu kuyazika katikati ya rundo, waliyafukua. Sasa mabaki yaliyopikwa hatuyapokei kabisa, tunamwachia mfugaji wa nguruwe anayeyapitia mwenyewe. Machicha ya nazi tunayapokea, kwa kiasi, kwa kuwa mafuta yake yakizidi yanafunga hewa.

Aprili na Mei 2024: Masika

Sakafu na paa vimefanya kazi yake. Mvua kubwa za Aprili zilipita, na Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani mwanzoni mwa Mei tulifunga mabati kwa kamba na kusimamisha guta kwa muda mfupi tu. Pipa lilijaa, tukaongeza la pili.

Kilichotuangusha kilikuwa kitu tulichokuwa tunakiona cha bure. Masika vumbi la mbao linalowa, makapi ya miwa hayakauki, na wauza juisi wenyewe wanauza kidogo. Wakati huohuo taka za mboga zinaongezeka, kwa sababu mizigo inaozea njiani. Kwa wiki mbili tulikuwa na taka mbichi nyingi na vikavu karibu hakuna. Tulijaribu maboksi yaliyochanwa: yanasaidia kunyonya maji, lakini yanalala bapa na kufunga hewa yasipokunjwakunjwa. Tulijaribu kukatakata maganda ya madafu kwa panga, kazi ya kuvunja mgongo. Tukaishia kuyapanga mazima chini ya rundo kama kitanda cha kupitishia hewa, na hapo yamefaa sana. Hayaozi haraka, kwa hiyo tunayachekecha na kuyatumia tena.

Tangu sasa tunaanza kujaza stoo ya vikavu mwezi wa Januari. Kabla ya masika tunataka viroba visivyopungua mia moja chini ya paa.

Juni 2024: Kukomaa na kuuza

Rundo la kwanza tuliloliona limekomaa lilikuwa jeusi, halina harufu ya taka, limepungua hadi karibu nusu. Tulimpa muuza miche wa barabarani viroba kadhaa ajaribu. Miche yake ya mchicha ikawa njano, mingine ikafa. Mboji ilikuwa imepoa lakini haijatulia. Bado ilikuwa inaoza polepole, na mboji ya namna hiyo inanyang'anya mizizi naitrojeni na hewa. Tulimlipa miche yake.

Sasa kila rundo linapita majaribio mawili kabla ya kuuzwa. La kwanza: mboji yenye unyevu inafungwa ndani ya chupa ya plastiki siku tatu, kisha inafunguliwa na kunuswa. Ikinuka uchachu inarudi kukaa. La pili: mbegu za mchicha zinapandwa kwenye mboji iliyochanganywa nusu kwa nusu na udongo, na nyingine kwenye udongo mtupu. Zikiota sawasawa au vizuri zaidi, inauzwa. Kwa kawaida tunahesabu miezi miwili ya joto na kugeuza, kisha zaidi ya mwezi mmoja wa kukaa chini ya turubai.

Chekeche tulilitengeneza kwa fremu ya mbao na wavu wa matundu madogo. Pamoja na mzani ni shilingi 90,000. Vipande vya chupa vinavyobaki kwenye wavu ndivyo vinavyotuonyesha kwamba utenganishaji mezani umeanza kulegea.

Tunauza kiroba cha kilo 25 kwa shilingi 5,000, kwa wauza miche na wenye bustani za mtaani tunaofahamiana nao. Biashara ya mbolea ina msimamizi wake, Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA, na mwenye nia ya kufungasha na kusambaza madukani aanze na taratibu zao kabla ya kuchapa nembo.

Agosti 2024: Hesabu

Ujenzi na vifaa vyote tangu mwanzo, pamoja na ndoo na guta, vimefika shilingi 3,114,000.

Kwa mwezi wa kawaida tunatumia hivi: vibarua wawili, 416,000, kirikuu cha kuleta vumbi la mbao, 120,000, matengenezo, 40,000. Jumla 576,000. Kinachoingia kwa mboji mwezi mzuri ni kama 300,000. Uongozi wa soko unatupa 200,000, kutokana na safari za lori zilizopungua. Pengo la 76,000 wanaliziba wanachama.

Napenda atakayeiga aitazame hesabu hii bila kujidanganya. Nimesikia mara nyingi taka ikiitwa dhahabu, na vijana wakaingia wakitafuta faida, wakaondoka mwezi wa tatu. Mboji yetu inalipa karibu nusu ya kazi. Nusu nyingine ni huduma ya usafi, na huduma ya usafi hulipiwa. Lori linaloenda Pugu nalo halileti faida yoyote, ila kila mtu anakubali kulilipa. Soko limekuwa likililipa hata kwa kubeba mchanga na maganda ya madafu. Fedha hiyohiyo ikihamishwa kwa anayezuia taka isisafiri, pengo linazibika. Tumeuandikia uongozi wa soko tukiomba 280,000 kwa mwezi, na tumeambatanisha daftari la mizani la guta, kila siku na uzito wake.

Taka za guta kwa siku ni kilo 250 hivi. Nepi, salfeti, vifungashio vya rangi na vitambaa bado vinakwenda Pugu, na hatuna jibu navyo. Betri za tochi tunazikusanya kwenye galoni lililofungwa, juu, mbali na maji, hadi tupate wa kuzipokea kihalali.

Zinazofuata: chekeche la mchanga pale wafagiaji wanapomwagia, ili mchanga ubaki sokoni, sampuli ya mboji ipelekwe maabara ya udongo ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kupimwa virutubisho na metali nzito, na maji ya visima viwili vya jirani yapimwe kabla ya vuli na baada ya vuli. Wenye visima wamekubali. Matokeo nitayaandika hapa, yawe mazuri au mabaya.